"Kuanzia kesho usije"

Nilikuwa nashikilia nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi katika shule ya upili ya umma hapa Kaunti ya Kilifi. Nafundisha Kiswahili na Historia, nina nambari ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ila niliajiriwa na Bodi ya Usimamizi ya shule (BOM) kwa mdomo tu: mwalimu mkuu alinipigia simu mwezi wa kwanza akaniambia nianze Jumatatu, mpaka mwenzangu arudi. Nililipwa shilingi 15,000 kwa mwezi kwa M-Pesa kutoka simu ya mhasibu wa shule. Wiki ya tisa, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alifanya fujo, nikamwambia atoke nje, akakataa. Nikamshika bega nikampeleka hadi mlangoni. Sikumpiga. Jioni mamake akampigia mwalimu mkuu, na kesho yake kwenye kundi la WhatsApp la wazazi pakaandikwa kwamba kuna mwalimu wa Kiswahili "anayedunda watoto". Usiku huo mwalimu mkuu akaniandikia: "Madam, kuanzia kesho usije, mambo yameharibika." Sikuitwa popote. Mshahara wa mwezi huo sijauona. Sasa ni mwezi wa pili niko nyumbani. Nataka kwenda kortini nirudishwe kazini, na yule mama aniombe radhi mbele ya wazazi wote. Wenzangu wananicheka, wanasema mwalimu wa BOM hana haki yoyote. Ni kweli?
— Mwalimu wa Muda, Kilifi

Mwalimu, si kweli. Hao wenzako wamechanganya mambo mawili. Mwalimu wa BOM hana zile taratibu za nidhamu ambazo TSC huwawekea walimu iliowaajiri yenyewe. Lakini ana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kama alivyo nayo mpishi wa hoteli ya Watamu au dereva wa lori la Mariakani. Mwajiri wako ni Bodi ya Usimamizi ya shule. Barua zako zote ziielekee Bodi, kwa mkono wa mwalimu mkuu ambaye ndiye katibu wake. Usimshtaki mwalimu mkuu kama mtu binafsi kwa sababu umemkasirikia, na usiishtaki TSC kwa kazi ambayo haikukupa.

Kuajiriwa kwa mdomo kusikutie hofu. Sheria inautambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Na kazi ikifikia miezi mitatu, ni jukumu la mwajiri kuuweka mkataba kwenye karatasi. Asipofanya hivyo, na kesi ikaja, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai humwangukia yeye. Shule ilikuchukua umshikilie mwenzako kwa likizo ya uzazi, ambayo kisheria ni miezi mitatu. Kwa hiyo wasikuambie "wewe ulikuwa kibarua wa siku". Isitoshe, hata kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima au zaidi, sheria humhesabu kama aliyeajiriwa kwa mwezi.

Sasa tuje kwenye kiini. Naona barua yako yote imeegemea neno moja: sikumpiga. Nakuelewa, lakini kesi yako ya kazi haisimami hapo. Sheria ya Kenya haimtaki mwajiri athibitishe kama polisi kwamba kosa lilitendeka. Inamtaka aonyeshe kuwa, wakati anakufuta, aliamini kwa dhati kwamba sababu ile ipo. Mwalimu mkuu aliyepigiwa simu na mzazi mwenye hasira anaweza kusema aliamini, na hakimu akamkubalia. Mkienda kubishana kama mkono wako ulishika au ulipiga, mtaletewa darasa zima la watoto kutoa ushahidi, na sijui utatoka vipi.

Penye udhaifu wao ni kwingine kabisa. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumfuta mfanyakazi kwa mwenendo mbaya, mwajiri lazima amweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa, amruhusu aje na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, kisha amsikilize. Hata kosa likiwa zito la kufukuzwa papo hapo, kusikilizwa kupo palepale. Wewe hukupewa tuhuma kwa maandishi, hukuitwa mbele ya Bodi, hukuulizwa hata upande wako kwa simu. Ulipewa ujumbe wa mstari mmoja usiku. Mwalimu, mstari huo ndio kesi yako. Usiufute, usibadilishe simu bila kuuhifadhi, na usimjibu kwa matusi yatakayosomwa siku moja mbele ya hakimu.

Utasikia hoja mbili za kukukatisha tamaa. Ya kwanza, kwamba hukutimiza muda wa kutosha. Zamani palikuwa na sharti la kuwa kazini miezi kumi na mitatu kabla ya kulalamika kuwa umefutwa isivyo haki, na Mahakama Kuu ililitupa sharti hilo mwaka 2012. Ya pili, kwamba ulikuwa bado kwenye majaribio. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua kwamba hata aliye kwenye majaribio anastahili kusikilizwa kabla ya kutimuliwa. Na wewe hukuambiwa habari ya majaribio tangu mwanzo.

Lakini nikikuacha hapo nitakuwa nimekudanganya, maana hujauliza swali la pesa. Ukishinda, mahakama inaweza kukupa malipo badala ya notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na mshahara uliobaki, na fidia isiyozidi mishahara ya miezi kumi na miwili. Hiyo "kumi na miwili" ndiyo inayowapeleka watu kortini wakiimba, halafu wanarudi kimya. Ni kilele. Hakimu hutazama ulifanya kazi muda gani, ungebaki muda gani, na wewe mwenyewe ulichangia nini katika yaliyotokea. Mtu wa wiki tisa, ambaye nafasi yake ingekwisha mwenzake akirudi, asitarajie zaidi ya mishahara michache, pengine mmoja au miwili. Piga hesabu kwa 15,000. Kisha kamuulize wakili yeyote wa Malindi atakutoza kiasi gani.

Kurudishwa kazini nako, sioni. Mwenye nafasi anarudi, au amesharudi. Mahakama haiwezi kukurudisha kwenye kiti cha mtu mwingine, na mkataba wenye mwisho wake kwa kawaida huisha siku yake ifikapo.

Ndiyo maana nakushauri uanzie ofisi ya leba kabla ya mahakama. Peleka malalamiko kwa afisa wa leba aliye karibu nawe. Huduma yake haina ada ya wakili, na mara nyingi barua yake peke yake humfanya mhasibu akumbuke kulipa. Ila kuna saa inayohesabu: malalamiko ya kufutwa isivyo haki hupelekwa kwake ndani ya miezi mitatu tangu ufutwe. Uko mwezi wa pili. Nenda wiki hii. Mahakamani una miaka mitatu, kwa hiyo mlango huo haufungi ukianzia kwa afisa. Ikibidi kufika huko, mshahara wako uko chini ya shilingi 80,000, kwa hiyo kesi inaweza kusikilizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za kazi badala ya kwenda kwa jaji. Usipeleke kwenye Mahakama ya Madai Madogo hata ukishauriwa na jirani. Sheria yake imeyatoa nje mambo ya ajira, na madai ya kuchafuliwa jina vilevile, yaani yako yote mawili.

Kwa afisa wa leba uende na karatasi. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kila mwezi kutoka namba ya mhasibu ina nguvu kuliko barua nyingi za ajira nilizoziona. Ongeza ratiba yenye jina lako, maazimio ya kazi uliyoandaa, daftari la rekodi ya kazi ikiwa una nakala yake, na karatasi za alama ulizotia sahihi. Picha za skrini zionyeshe namba na tarehe, na simu yenyewe uitunze, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki ukifika mahakamani huambatanishwa na hati ya kueleza ulivyotolewa. Kama huna nakala ya malalamiko ya yule mama, iombe Bodi kwa maandishi. Shule ya umma inafungwa na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayompa mtoaji siku 21 za kujibu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zinazokuhusu wewe. Jina la mtoto wanaweza kulifuta, na wana haki ya kulifuta.

Mshahara wa mwezi uliofanya kazi uutenge na mengine yote. Huo si fidia, ni deni. Hata kama ungekuwa umempiga yule kijana mbele ya kamera, siku ulizofundisha zinalipwa. Udai kwa barua yake peke yake, fupi, bila habari ya uonevu wala machozi, utaje tarehe na kiasi. Bodi inaweza kubishana nawe mwaka mzima kuhusu haki, lakini haina la kusema juu ya siku ulizotia sahihi kwenye kitabu cha mahudhurio.

Dai pia cheti cha utumishi. Kila mfanyakazi aliyepitisha wiki nne ana haki nacho, na mwajiri anayekataa kwa makusudi anatenda kosa. Cheti hicho hutaja kazi uliyofanya na tarehe zako, hakitakiwi kukusifu wala kukuponda. Kwa mwalimu anayezunguka shule hadi shule akisubiri TSC itangaze nafasi, karatasi hiyo ni ya thamani kuliko mshahara mmoja wa fidia.

Sasa niseme lile ambalo hutalipenda. Ulimshika bega. Umeliandika mwenyewe, na nakuheshimu kwa kutolificha. Lakini adhabu ya viboko na kila aina ya mateso ya mwili imepigwa marufuku shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeifanya kosa la jinai lenye faini au kifungo. Sisemi ulichofanya ni hicho. Nasema mzazi akilipeleka kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti, TSC inaweza kukuita ingawa haikukuajiri, kwa sababu nambari yako ni yake, na ndiyo yenye uwezo wa kulifuta jina katika orodha ya walimu. Hapo ndipo penye hatari yako kubwa, si kwenye hiyo 15,000. Kwa hiyo andika leo maelezo yako kamili, saa, kipindi, nani walikuwepo, kijana alisema nini, mkono wako ulikuwa wapi, uyaweke kabatini. Ukiitwa, kumbukumbu itakuwa bado mbichi. Usiandike "sikumgusa" mahali popote, ukidhani ni kurahisisha mambo. Usimtafute kijana, usimtume rafiki yake, usiende kwa mamake jioni na mikate ya kuomba amani. Nia yaweza kuwa njema kabisa, lakini kwa mchunguzi itaonekana kama kumtisha shahidi.

Na huyo mama? Alipompigia mwalimu mkuu, alifanya lililo haki yake kama mzazi. Malalamiko yaliyopelekwa kwa anayehusika, bila chuki, yana kinga ya kisheria hata yakiwa na makosa ndani yake. Ujumbe kwenye kundi la wazazi ni jambo jingine. Huko kuna watu wasiohusika na malalamiko yale, na "anayedunda watoto" ni tuhuma ya jinai dhidi ya mtu anayetambulika, maana walimu wa Kiswahili mlikuwa wangapi? Ukitaka kudai kashfa, una miezi kumi na miwili tu, si miaka mitatu. Lakini ujue kwanza ni nani aliyeuandika. Barua yako inasema "pakaandikwa". Haisemi na yule mama. Na ukimshtaki, utetezi wake wa kwanza utakuwa kwamba ni kweli, na hapo ule mkono begani utajadiliwa hadharani na mawakili wa kulipwa. Mimi nisingeanzia huko. Ningemwandikia msimamizi wa kundi kwa adabu, nimwombe aondoe ujumbe na kuandika kwamba malalamiko hayo hayakuwahi kusikilizwa na Bodi. Hiyo ni kweli tupu, na hakuna atakayeipinga.

Kuhusu gharama, kama afisa wa leba hakukufaa, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria, shirika ambalo limekuwa likiwasaidia wasio na uwezo tangu miaka ya sabini. Chama cha walimu cha KUPPET huwatetea wanachama wake. Kama hukujiunga, usiishi kwa matumaini hayo.

Shule nyingine itakapokuita, nao watakuuliza kwa nini uliondoka kabla ya muhula kwisha. Usiseme uliacha mwenyewe, na usianze kusimulia mambo ya bega. Sema: "Palitokea malalamiko ya mzazi, sikusikilizwa, na nimelipeleka suala hilo ofisi ya leba." Uwe na nakala ya fomu ya malalamiko yako ya ofisi ya leba, yenye muhuri na tarehe, kwenye faili lako pamoja na vyeti vingine.