Damu ya Jirani

Mgonjwa atiwaye damu hospitalini hajui jina la aliyeitoa, wala hana njia ya kumwuliza habari zake. Ndiyo maana serikali huweka sheria za kuwachagua watoaji. Leo na tuitazame sheria moja ya Marekani, tupate kujifunza namna ya kuipima haki.

UKIMWI ulipotokea huko mwaka 1981, haukupita muda mrefu kabla ya kujulikana kwamba huambukizwa pia kwa damu. Wengi waliokuwa na maradhi ya damu isiyoganda waliupata kwa dawa zilizotengenezwa kutoka damu ya watu wengine. Kipimo cha kwanza, cha mwaka 1985, hakikuweza kuonyesha maambukizo mapya. Basi Mamlaka ya Chakula na Dawa ikaelekeza kwamba mwanamume aliyekutana kimwili na mwanamume mwenzake, hata mara moja tu tangu mwaka 1977, asipokewe damu yake kamwe.

Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini vipimo vilisonga mbele, na vya siku hizi huvigundua virusi yapata siku kumi baada ya kuambukizwa. Sheria ikabaki pale pale. Mwanamume aliyeishi miaka mingi na mwenzi mmoja wa kiume alikataliwa, na mwenye wanawake wengi akapokewa. Hapo sheria ilikuwa imeacha kuitazama hatari, ikautazama ukoo wa mtu, kana kwamba damu ina kabila.

Mwaka 2015 katazo la daima likawa la miezi 12. Mwezi wa Juni 2016 watu 49 waliuawa mjini Orlando katika ukumbi wa dansi wa watu hao, na wanaume wengi waliotaka kuwatolea damu rafiki zao majeruhi hawakuruhusiwa. Mwaka 2020 muda ukawa miezi 3. Mwezi wa Mei 2023 ikaamuliwa watoaji wote waulizwe maswali yale yale juu ya matendo yao ya miezi 3 iliyopita. Wenye mwenzi mpya, au zaidi ya mmoja, nao wakawa wameingiliana kwa njia ya nyuma, wangoje, wawe wanaume au wanawake. Hata waliobadili jinsia, ambao zamani haikuwa wazi waulizwe maswali ya nani, huulizwa hayo hayo.

Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa hayakubadilika. Lakini Kanisa hilo hilo lafundisha kwamba watu hawa wapokewe kwa heshima, wala wasibaguliwe pasipo haki. Tukumbuke kwamba yule majeruhi wa njia ya Yeriko aliokolewa kwa mkono wa Msamaria, mtu aliyedharauliwa na taifa lake.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Hakuna adaiye haki ya kutoa damu. Mgonjwa ndiye mwenye haki ya kupata damu salama. Kwa mfano, atumiaye vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI hungojeshwa miezi 3, maana vidonge hivyo vyaweza kuvificha virusi visionekane katika kipimo. Afichaye jambo hilo humdhulumu asiyeweza kujitetea.

Basi, mwenye kutunga sheria na apime hatari, asipime jina la mtu. Na mwenye kutoa damu, awaye yote, aseme kweli. Upendo usio na kweli waweza kuua.