Wachukuzi Ndani ya Mshipa wa Fahamu

Jumatano

Soma Isaya 38:1–5, 21. Hezekia alikuwa amekwisha kuahidiwa kuongezewa miaka 15. Kwa nini basi tini ziliwekwa juu ya jipu lake?

Katika barabara ya Tukuyu malori ya ndizi hupanda kuelekea Uyole, na mengine huteremka na bidhaa kwenda Kyela. Barabara ni ileile, mizigo hupishana. Ndani ya mishipa ya fahamu ya kila anayeyatazama kuna usafirishaji unaofanana na huo. Seli moja ya fahamu huanzia katika uti wa mgongo na kutuma uzi wake mwembamba hadi kwenye misuli ya mguu, na kwa mtu mzima uzi huo huweza kufikia karibu meta moja. Protini nyingi zinazohitajika kule chini hutengenezwa huku juu, kilipo kiini cha seli. Zingeachwa zielee tu zenyewe, zisingefika hata kwa maisha yote ya mtu.

Kwa hiyo hubebwa. Mwaka 1985 wanasayansi waliokuwa wakichunguza seli za fahamu za ngisi walitambua mojawapo ya wachukuzi hao, protini iitwayo kinesini. Ina kama miguu miwili, nayo hutembea juu ya vijibomba vilivyolazwa ndani ya seli mfano wa reli: mguu mmoja hushika, mwingine hupita mbele. Kila hatua hugharimu molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ambayo mwili umeipata katika chakula. (Miosini, inayokaza misuli ya mama anayejitwika mkungu wa ndizi, hutumia ATP hiyohiyo.) Hatua 125,000 za kinesini hutimiza milimita moja tu! Hata hivyo mizigo ya haraka husafiri sentimita 20 hadi 40 kwa siku.

Mchukuzi wa kurudi ni protini nyingine, daineini. Huyu hutoa mwisho wa uzi vitu vilivyochakaa na ujumbe, akavipeleka kwenye kiini. Yeye hakagui mzigo wake. Mbwa mwenye kichaa anapomuuma mtu, virusi vilivyomo katika mate huingia kwenye jeraha, hupenya katika ncha za mishipa ya fahamu, kisha hubebwa na wachukuzi haohao kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Ndiyo maana jeraha la usoni ni la hatari zaidi kuliko la mguuni: njia ni fupi. Mara nyingi miezi miwili au mitatu hupita kabla ya dalili kuonekana. Pengine ni juma moja, pengine mwaka. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Ukimya wa siku hizo huwadanganya wengi. Jeraha limepona, mtoto anacheza, na familia inashukuru kwamba maombi yamejibiwa. Lakini muda huo ndio nafasi ya kuzuia kifo. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, na akamilishe sindano zote atakazopangiwa. Jeraha likiwa baya, daktari anaweza kuongeza dawa ya kinga ndani yake. Pilipili, majani au mafuta ya taa havichukui nafasi ya sabuni na chanjo. Wala si vema kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Isaya hakuona mgongano wowote. Nabii yuleyule aliyepeleka ahadi ya Mungu kwa mfalme ndiye aliyeagiza tini. Hezekia naye hakukataa kubandikwa tini eti kwa sababu alikuwa amekwisha kuomba na kulia.

Linganisha na Mathayo 9:12. Maneno ya Yesu yanaonyesha mtazamo gani kuhusu mgonjwa na tabibu?

Jadilini katika kundi lenu: Mtoto ameumwa na mbwa Sabato asubuhi, ibada ikiendelea, katika kijiji kilicho mbali na Tukuyu. Nani atamwosha jeraha? Nani atatafuta pikipiki? Na nauli ya kurudi hospitalini kwa sindano zinazofuata itatoka wapi?