Mama Kauliza Saa Nane za Usiku

Mdogo wangu wa wodi ya wanawake, barua yako imefika na nimeirudia kuisoma. Mgonjwa wako ni mama mtu mzima. Majibu ya kinyama alichokatwa yametoka: saratani ya shingo ya kizazi, na imeshasambaa. Wanawe wakamvuta daktari pembeni, wakamsihi mama asiambiwe, eti presha itamuua kabla ya ugonjwa. Daktari akakubali, raundi ikaendelea. Ndipo saa nane za usiku, uko peke yako na wodi nzima, mama akakushika mkono: "Mwanangu, hebu niambie wewe. Nina nini?" Ukamwambia asubiri daktari. Tangu siku hiyo ukipita kitandani kwake unajifanya una haraka, na nyumbani usingizi huna.

Kwanza ondoa wazo kwamba kazi imekushinda. Mwaka 1984 Mmarekani Andrew Jameton, katika kitabu chake cha maadili ya uuguzi, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaweka kapu moja. Kuna kutojua lipi ni sawa. Na kuna kulijua lililo sawa huku cheo, amri au utaratibu wa hospitali umekufunga mikono. Lako ni hili la pili, na halitibiwi kwa likizo wala kwa kuambiwa "jikaze, ndiyo kazi."

Najua wapo watakaosema: mwambie ukweli, ni haki yake. Ni haki yake kweli. Wenzetu wa Kenya hata wameiandika kwenye Sheria ya Afya ya 2017, kwamba mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, isipokuwa pale ambapo kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza kutakuwa kinyume na maslahi yake. Lakini usimwambie wewe, usiku kama ule. Umpe habari nzito hivyo, hakuna ndugu, hakuna daktari wa kumweleza tiba iliyobaki, halafu umwache ukambadilishie mwingine dripu? Hapo utakuwa umejitua mzigo ukamtwika yeye.

Wala usimdanganye. "Huna kitu mama, ni vidonda tu" lisikutoke mdomoni hata wanawe wakikulilia, maana siku akijua hatakuamini hata ukimpelekea panadol.

Lipo la kufanya katikati. Vuta kiti, kaa, muulize: "Mama, wewe mwenyewe unahisi ni nini? Majibu yakiwepo ungependa uelezwe yote, au tuzungumze na mtu wako? Nani awepo?" Wapo watakaokujibu, "Ongeeni na mwanangu mkubwa, mimi nitulizieni maumivu." Huyo ameshaamua, na uamuzi wake uheshimiwe. Wengine watakuchekesha: wanajua siku nyingi, ila wanawaonea watoto huruma. Nimekaa wodini miaka, hili nimelishuhudia zaidi ya unavyodhani. Mama anawaficha watoto, watoto wanamficha mama, na nesi katikati anawatunzia siri wote.

Atakachosema kiandike kwenye faili, kwa maneno yake, na uweke saa. Mazungumzo ya korido husahaulika kabla ya chai.

Asubuhi, kwenye makabidhiano ya zamu, mwombe mkuu wa wodi kikao kuhusu mgonjwa huyu. Usianze na "daktari amekosea." Anza na "mama ameuliza, nami sijui tumjibu nini." Waitwe daktari wake, wewe mwenyewe (usikubali kuachwa nje, ni wewe aliyekushika mkono), afisa ustawi wa jamii, na watu wa tiba shufaa kama mnao. Kama hamna, daktari anaweza kuomba ushauri kwa waliobobea: Ocean Road, Selian kule Arusha, Muheza. Kutoa habari ngumu ni sehemu ya kazi yao ya kila siku.

Mkikaa, kuna maswali manne ambayo Jonsen, Siegler na Winslade waliyapanga kwenye kitabu chao cha 1982, na mpaka leo yanafundishwa. Tiba inaweza nini na haiwezi nini? Mgonjwa mwenyewe anataka nini? Maisha yake yatakuwaje kwa kila njia? Na yanayomzunguka, yaani ndugu, pesa, dini, sheria, yanasemaje? Huku kwetu tunarukia la nne, tena tunaanzia na pesa. Kwa mama huyu la pili halijaulizwa kabisa. Wanawe wamejibu kwa niaba yake, daktari akalipokea jibu.

Na hao watoto msiwafanye maadui. Waulizeni wanaogopa nini hasa. Mara nyingi kuna shangazi au baba aliyeambiwa vibaya, akakata tamaa. Waambieni hamtamlazimisha mama kusikia asichotaka, ila akiuliza hamtamwongopea. Wengi hulainika hapo.

Umeuliza pia kuhusu kamati ya maadili. Najua ukiisikia unawaza barua ya kujieleza, na kwenye hospitali nyingi kubwa kamati yenye jina hilo kazi yake ni kupitisha tafiti. Ninayoisema mimi haiadhibu wala haimwamulii daktari. Inaitwa wodini ili watu wafikiri pamoja. Waganga wafawidhi mnaonisoma, hiyo haihitaji jengo jipya. Anzeni na saa moja kwa mwezi. Pale Massachusetts General, Boston, tangu 1997 wana vikao vilivyopewa jina la Kenneth Schwartz, wakili aliyefariki kwa saratani ya mapafu. Madaktari, wauguzi na wafanyakazi wengine wanasimulia mgonjwa fulani amewaachia nini moyoni, bila kutafuta mkosaji. Kwangu mimi vikao hivyo vina faida kuliko semina za posho.

Daktari akikataa kikao, nenda kwa matroni, na ombi lako liwe la maandishi. Na tafadhali, kisa hiki usikipeleke kwenye lile kundi lenu la WhatsApp, hata ukificha jina. Mama mwenye saratani, wanawe wanne, kitanda cha dirishani: mji mzima utajua ni nani, naye bado hajaambiwa.