Tujifunze Ufundi: Kufunga Upya Krosi ya Propela ya Trekta

Mahindi yamekauka. Magunia yapo tayari. Mashine ya kupukuchua imefungwa nyuma ya trekta. Mara inasikika "ka-ka-ka-ka", na mashine yote inatetemeka. Fundi anazima trekta, anaitikisa propela kwa mkono, halafu anasema, "Krosi imekwisha."

Leo tutajifunza namna ya kufunga krosi mpya. Mfano wetu ni trekta kuukuu la Massey Ferguson 135. Matrekta haya yalianza kutengenezwa mwaka 1964, na mengine yanafanya kazi mpaka leo. Matrekta mengine yenye propela ya namna hii hufungwa vivyo hivyo.

PROPELA NI NINI?

Nyuma ya trekta umechomoza mhimili mfupi wenye meno 6. Injini ndiyo inayouzungusha. Propela huchukua nguvu kwenye mhimili huo na kuipeleka kwenye mashine. Ina vipande viwili, kimoja huingia ndani ya kingine. Kwa hiyo inaweza kurefuka na kufupika.

Kila mwisho wa propela pana kiungo kinachokunjika. Kiungo kina vyuma viwili, kila kimoja kama panda ya manati. Katikati yake kuna krosi, yaani chuma chenye umbo la msalaba. Krosi ina miguu 4, na kila mguu umevaa kikombe kidogo cha chuma. Ndani ya kikombe zimepangwa sindano, yaani vyuma vyembamba vinavyoviringika ili mguu usisagike. Kila kikombe kinazuiwa na ringi ndogo ya kubana.

KWANZA USALAMA

Injini ikiwa katika mwendo wa kazi, mhimili ule huzunguka mara 540 kwa dakika. Tufanye hesabu. Dakika moja ina sekunde 60.

540 ÷ 60 = 9

Basi propela huzunguka mara 9 kila sekunde. Tuseme mzingo wake ni sentimita 20.

20 × 9 = 180

Ikinasa nguo, huvuta sentimita 180 kwa sekunde moja. Kanga ina urefu wa kama sentimita 150. Maana yake kanga nzima humezwa kabla hujamaliza kusema "Zima!" Na aliyejifunga kanga hiyo huvutwa nayo. Watu wamekatwa mikono na wengine wamekufa kwa njia hii.

Kwa hiyo usiguse propela wakati injini inanguruma, hata kama mhimili umesimama. Zima injini. Toa gia ya mhimili. Funga breki na weka mawe kwenye magurudumu. Kama kuna ufunguo, utie mfukoni mwako mwenyewe.

VIFAA

Jiliwa, nyundo, koleo, tupa, mafuta ya taa, kitambaa safi, grisi, bomba la grisi, na krosi mpya yenye kipimo sawa na ile ya zamani. Nenda dukani na krosi ya zamani mkononi. Usikisie.

HATUA ZA KAZI

1. Piga alama. Kabla ya kufungua chochote, piga alama kwa tupa kwenye panda zote mbili na kwenye vipande viwili vya propela. Usitumie chaki, itafutika ukiosha.

2. Fungua na osha. Toa ringi kwa koleo, gonga vikombe vitoke, ondoa krosi. Osha panda kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Kausha. Tazama matundu yake. Kama yamepanuka au yana ufa, hata krosi mpya haitadumu.

3. Paka grisi. Vua vikombe vya krosi mpya. Paka grisi ndani ya kila kimoja ili sindano zigande zikiwa zimesimama. Zihesabu. Vikombe vyote 4 viwe na idadi sawa.

4. Ingiza krosi kwenye panda ya kwanza. Tazama chuchu ya grisi ielekee mahali ambapo bomba la grisi litafika. Ingiza kikombe upande mmoja, lakini kisifike mwisho. Sogeza mguu wa krosi uingie ndani ya kikombe hicho. Mguu ndio utakaozuia sindano zisianguke. Halafu weka kikombe cha upande wa pili.

5. Bana kwa jiliwa, polepole. Vikombe viingie mpaka uone mfereji wa ringi. Je, kikombe kimegoma kabla mfereji haujaonekana? Usipige nyundo kwa nguvu! Huenda sindano moja imeanguka na kulala chini ya kikombe. Toa kikombe, ipange upya, rudia. Ukilazimisha, utavunja sindano au kikombe, na pesa ya krosi mpya itakuwa imepotea.

6. Weka ringi. Kila ringi ikae sawasawa ndani ya mfereji wake. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye panda ya pili, ukifuata alama zako.

7. Jaribu kwa mkono. Kiungo kikunjike kila upande bila kukwama na bila kuchezacheza. Kama ni kigumu, gonga panda kidogo kwa nyundo ili vikombe vikae kwenye ringi.

8. Unganisha vipande viwili vya propela. Hapa ndipo wengi hukosea. Panda mbili zilizo kwenye propela yenyewe, moja kila mwisho, lazima zilingane. Ukiilaza propela mezani na panda moja ikalala bapa, ya pili nayo ilale bapa. Kwa nini? Kiungo kikizunguka huku kimekunjika, mwendo wake huongezeka na kupungua. Kiungo cha pili husawazisha mwendo huo, ila panda zikiwa zimelingana. Zisipolingana, propela hutetemeka na krosi mpya hufa mapema.

9. Funga kwenye trekta. Sukuma mpaka pini ya kufungia iingie kwenye mfereji wa mhimili. Halafu vuta kwa nguvu. Ikitoka, haikuwa imefungwa. Vipande viwili vipishane angalau theluthi moja, ili visichomoke kazini.

10. Rudisha kifuniko. Kifuniko cha propela siyo pambo. Funga na mnyororo wake ili kisizunguke. Bila kifuniko, msiwashe.

Baada ya hapo tia grisi. Wakati wa kazi, tia tena kila baada ya saa 8. Watoto wakae mbali, na anayelisha mashine asivae nguo inayoning'inia.

MASWALI

1. Kwa nini tunapiga alama kabla ya kufungua?
2. Kikombe kikigoma kuingia, utafanya nini?
3. Propela yenye mzingo wa sentimita 25 ikizunguka mara 9 kwa sekunde, itavuta nguo sentimita ngapi kwa sekunde moja?
4. Jadilianeni: Katika kijiji chenu, propela za mashine zina vifuniko? Kama hazina, nani atavirudisha, na lini?