Mali Bila Daftari: Lugha ya Uwajibikaji na Fedha za Magereza Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kwa kawaida hufundishwa darasani kama wosia kwa mfanyabiashara. Makala haya yanaitumia kuichunguza taasisi ambayo wengi wetu huipita tukiwa ndani ya matatu bila kuitazama mara ya pili: gereza. Gereza la serikali huendeshwa kwa fedha za umma, na kila mwaka fedha hizo huandikiwa daftari. Tatizo tunalotaka kulijadili si kukosekana kwa daftari. Daftari lipo, ila wanaolihitaji zaidi hawawezi kulisoma wala kuliuliza swali.

Hoja yetu ni kwamba uwajibikaji ni mazungumzo baina ya pande mbili, yaani anayeuliza na anayejibu. Katika suala la fedha za magereza nchini Kenya, sheria imemteua anayejibu, lakini lugha imemfungia nje anayepaswa kuuliza. Kwa sababu hiyo, suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama linavyomhusu mwanasheria na mhasibu.

Maneno Matatu

Tuanze na istilahi yenyewe. Nomino "uwajibikaji" imetokana na kitenzi "wajibika", ambacho kimejengwa juu ya neno "wajibu" lenye asili ya Kiarabu. Kisarufi, "kuwajibika" ni kitenzi kisichohitaji yambwa. Mtu huwajibika, basi. Sentensi hukamilika bila kutuambia anawajibika kwa nani. Linganisha na "kuwajibisha", kauli ya kutendesha, ambayo haikamiliki mpaka pawe na wawili: anayewajibisha na anayewajibishwa. Hotuba za viongozi wetu zimejaa uwajibikaji, lakini ni nadra kumsikia kiongozi akitaja ni nani mwenye haki ya kumwajibisha. Kwa njia hii, umbo moja la neno linaweza kuficha nusu ya maana inayotakiwa.

Neno la pili ni "hesabu". Msemo "kutoa hesabu" ni mkongwe kuliko uwajibikaji, na una nguvu zaidi kwa sababu humdai mpokeaji. Aliyepewa amana hutoa hesabu kwa mwenye amana, wala hajitolei hesabu mwenyewe.

La tatu ni "dhamana". Katika mahakama zetu, dhamana ni kile mshtakiwa anachotoa ili awe huru akisubiri kesi. Katika lugha ya kawaida, dhamana pia ni jukumu alilokabidhiwa mtu na wenziwe. Maana hizi mbili hukutana mlangoni mwa gereza. Mtu aliyeshindwa kulipa dhamana yake huingia mahabusu, na papo hapo dola huchukua dhamana ya mwili wake: chakula chake, malazi yake, tiba yake na usalama wake. Umaskini wa mmoja hugeuka kuwa deni la wote. Hapa ndipo suala la fedha linapoanzia.

Anayeagiza Si Anayelipa

Magereza ya Kenya yako chini ya idara ya serikali inayosimamia huduma za urekebishaji, na yana vituo zaidi ya 100, kuanzia Kamiti na Naivasha hadi Shimo la Tewa, King'ong'o, Kodiaga na Lang'ata. Kwa miaka mingi idadi ya wafungwa na mahabusu imezidi nafasi zilizojengwa kwa kiasi kikubwa. Sehemu kubwa ya watu hao ni mahabusu ambao mahakama bado haijaamua kama wana hatia au la.

Hali ya kifedha ya gereza ni tofauti na ya shule au hospitali. Mwalimu mkuu anaweza kusema kuwa darasa limejaa. Mkuu wa gereza hana uwezo huo. Polisi hukamata, hakimu huandika hati, na gereza hupokea. Anayeamua idadi ya walaji si yule anayenunua unga na maharagwe. Fedha zilizopangwa zinapokosa kutosha au kuchelewa, chakula hakiwezi kuahirishwa kama ujenzi wa ukuta unavyoahirishwa. Huchukuliwa kwa mkopo kutoka kwa wauzaji, na mkopo huo huhamia mwaka wa fedha unaofuata. Ndiyo maana malimbikizo ya madeni ya wauzaji yamekuwa yakijirudia katika taarifa za ukaguzi za idara hii. Aidha, muuzaji anayejua kuwa atalipwa baada ya miaka miwili ana kila sababu ya kupandisha bei au kupunguza ubora. Deni huzaa gharama, na gharama huzaa deni.

Kutokana na hali hiyo, kuongeza fedha pekee si dawa. Ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai uliotolewa mwaka 2017 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulionyesha kuwa mfumo huo huwaelemea maskini na hushughulika mno na makosa madogo. Sheria ya kuwazuia watu hao wasifike gerezani ipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ilipitishwa mwaka 1998. Kifungu cha 49(2) cha Katiba ya 2010 kinakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Mwaka 2020, ugonjwa wa KOVIDI-19 ulipoingia nchini, zaidi ya wafungwa 4,000 wa makosa madogo waliachiliwa ili kupunguza msongamano. Swali linalopasa kuulizwa ni hili: ikiwa waliweza kuachiliwa kwa hofu ya maradhi, ni nani aliyetoa hesabu ya gharama ya kuwaweka humo kabla ya maradhi?

Nani Huuliza?

Kisheria, mnyororo wa kuuliza umeelezwa barabara. Katibu wa idara ndiye afisa mhasibu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa Kifungu cha 229, ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kukamilika kukagua na kutoa taarifa, kisha Bunge lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Kifungu cha 201 kinataja uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika masuala ya fedha. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali.

Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa magereza yetu yamebadilika zaidi kwa msukumo wa matukio kuliko kwa nguvu ya mnyororo huo. Mwaka 2003 Moody Awori, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alifungua milango ya magereza kwa waandishi wa habari na watetezi wa haki, na magodoro na runinga vikaanza kuingia humo. Kazi hiyo inastahili sifa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa hisani ya mtu unaweza kufungwa na mtu mwingine. Mnamo Aprili 2008 askari wa magereza waligoma wakidai marupurupu na makazi bora, na serikali ikaunda kamati iliyoongozwa na Marsden Madoka. Mgomo huo ulikumbusha umma jambo ambalo husahaulika: bajeti finyu humfunga pia anayeshika ufunguo. Novemba 2021, wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walitoroka Kamiti, na Kamishna Mkuu wa Magereza akaondolewa kazini katika muda wa siku mbili.

Matukio haya yanatufunza kuwa kuuliza kunawezekana, na jibu laweza kupatikana haraka. Mfungwa akitoroka, mtu huwajibishwa. Mfungwa akilala njaa, au askari akiishi katika nyumba isiyofaa, jambo hilo huwa aya moja katika taarifa ndefu. Tofauti ni kwamba kutoroka husomwa na kila mtu, ilhali taarifa ya ukaguzi husomwa na wachache.

Fasihi Kama Ushahidi

Fasihi yetu imewahi kufanya kazi ambayo wakaguzi hawakuifanya. Abdilatif Abdalla alifungwa kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya karatasi yake Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za msalani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, ambayo Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani, kwenye karatasi kama hizo huko Kamiti mwaka 1978. Alamin Mazrui, aliyezuiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitupa diwani ya Chembe cha Moyo mwaka 1988. Upande wa Zanzibar, Adam Shafi alisawiri maisha ya wafungwa wa kisiasa katika Haini, riwaya iliyotoka mwaka 2003.

Wahakiki wamezisoma kazi hizi kama fasihi ya upinzani, na wako sahihi. Tunapendekeza zisomwe pia kama matini za hesabu. Karatasi ya msalani ilinunuliwa kwa fedha za umma na ilikuwa na mahali pake katika daftari la gereza. Daftari liliandika kuwa karatasi zilitumika. Diwani ndiyo iliyoandika kuwa kulikuwa na mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa akiuliza. Kazi ya mkaguzi na kazi ya mshairi hazipingani. Mmoja huhesabu vitu, mwingine hukataa mtu asihesabiwe kama kitu.

Lakini fasihi hii nayo ina pengo. Kwa kiasi kikubwa msemaji wake ni mfungwa wa kisiasa, msomi mwenye kalamu. Kijana aliyeshindwa kulipa dhamana kwa kosa la kuuza ndizi barabarani bila leseni hajapata diwani yake. Yeye ndiye aliye wengi gerezani, na yeye ndiye mlaji katika makadirio ya matumizi.

Lugha ya Daftari

Katiba yetu inajali lugha pale mtu anapokamatwa. Kifungu cha 49 kinataka aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Hivyo, mshtakiwa ana haki ya kuelewa ni kwa nini anafungwa. Akishaingia ndani, taarifa za ukaguzi zinazoeleza kama fedha za chakula chake zilitumika inavyotakiwa huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Jamaa zake wanaolipa kodi kila wanaponunua sukari nao hawazifikii, na askari wa cheo cha chini anayempimia uji hali kadhalika. Haya yote yanatendeka katika nchi ambayo Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili hakina istilahi za ukaguzi. Dai hili halina mashiko. Nchini Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa zake kwa Kiswahili pia, na misemo kama "hati safi" na "hati chafu" imeingia katika mazungumzo ya vijiweni. Mtu asiyejua uhasibu huko anaweza kumuuliza diwani wake ni kwa nini halmashauri imepata hati chafu. Hatudai kuwa lugha imeondoa ubadhirifu Tanzania. Tunachodai ni kwamba swali limepata maneno yake, na swali lisilo na maneno haliulizwi.

Hitimisho na Mapendekezo

Tumeonyesha kuwa matatizo ya fedha katika magereza ya Kenya yanatokana na mfumo unaomtenganisha anayeagiza na anayelipa, na kwamba yanadumu kwa sababu wanaoumia hawana lugha ya kuyahoji. Serikali ina wajibu wa kutoa angalau muhtasari wa Kiswahili wa kila taarifa ya ukaguzi wa magereza, na kuubandika mahali ambapo wafungwa, askari na wageni wanaweza kuusoma. Uamuzi huo hauhitaji katiba mpya.

Sisi wa vyama vya Kiswahili vyuoni hatuna haja ya kuusubiri. Kwanza, wanachama wachague sura inayohusu magereza katika taarifa mojawapo ya Mkaguzi Mkuu na kuitafsiri, huku wakiorodhesha istilahi zilizowatatiza. Pili, wanaotafuta mada za tasnifu wakusanye, kwa idhini na kwa kuzingatia maadili ya utafiti, nyimbo na masimulizi ya waliowahi kuwa mahabusu wa makosa madogo, ili pengo la fasihi yetu lianze kuzibwa. Tatu, walimu wa sarufi wanapofundisha mnyambuliko waliweke tendo la "kuwajibisha" miongoni mwa mifano yao, na wawatake wanafunzi wataje kila mara ni nani anamwajibisha nani.

Daftari likisomwa na wenye mali, mali haipotei bila habari. Na gerezani, mali inayohusika ni pamoja na siku za uhai wa watu ambao wengi wao bado hawajahukumiwa.