MISHIPA ISIYO NA DAMU NDANI YA VINYWA VYETU



Ndugu wasomaji, mishipa ya damu tunaijua sote. Lakini Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuumbia na mishipa mingine, ya limfu. Damu inapozunguka, maji yake kiasi huvuja na kubaki baina ya nyama. Mishipa hii huyakusanya, huyapitisha kwenye tezi ambako vijidudu hunaswa, kisha huyarudisha damuni. Ndiyo maana jino likioza, tezi ya chini ya taya huvimba.

Mwaka 1622 tabibu wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe tumboni. Weupe ule ulikuwa mafuta ya chakula. Limfu ya ulimi na ufizi haina rangi, na mishipa yake midogo ina ukuta wa safu moja tu ya seli. Kwa hiyo wataalamu walikata nyama vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Mshipa uliokatwa hivyo ni tundu tu. Hujui unatoka wapi wala unakwenda wapi.

Siku hizi kipande huachwa kizima. Hutiwa antibodi zenye rangi ing'aayo, zinazonata hasa kwenye mishipa ya limfu. Kisha maji na mafuta huondolewa, na kimiminika kinachopindisha mwanga sawasawa na nyama huingizwa. Kipande huwa angavu kama kioo! Mnaonunua maandazi mmeshaliona jambo hili: gazeti likilowa mafuta, mwanga hupenya. Halafu leza iliyotandazwa nyembamba kama karatasi hupitishwa tabaka kwa tabaka, kamera hupiga picha nyingi, na kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja unaloweza kuligeuza kila upande. Nyama yenyewe ni ya panya wa maabara, au iliyokwisha kutolewa kwa operesheni. Hakuna anayefanyiwa hivi akiwa hai.

Kwa nini taabu yote hii? Saratani ya ulimi husafiri kwa njia hizi hadi tezi za shingo, na daktari anahitaji kujua itapita wapi. Wapenzi wa tambuu wanisamehe, lakini mwaka 2003 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa popoo peke yake, hata bila tumbaku, huleta saratani. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3, au uvimbe wa shingo usioondoka, kionyesheni hospitali hata kama hakiumi. Uvimbe wa namna hii mara nyingi hauumi mwanzoni.