Dawa ya mapafu ya mtoto njiti

Swali: Mtoto wa dada yangu alizaliwa kabla ya wakati, akawekewa dawa mapafuni kwa mrija. Nesi alisema inafanya kazi kama sabuni. Kivipi?

Jibu: Pole na hongera kwa dada. Nesi alisema kweli. Vifuko vya hewa mapafuni vimetandwa maji kwa ndani. Uso wa maji hujikaza, nao huvibana vifuko hivyo vifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Molekuli za sabuni, kama za dawa hiyo, zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Hupanda na kujipanga juu, mikia ikielekea hewani, na mkazo hupungua.

Ila sabuni ya kawaida isingemfaa mtoto. Molekuli zake hazikai: zinapanda na kushuka muda wote, na uso ukibanwa, nyingi hurudi majini. Za mapafu, zilizomo pia kwenye dawa hiyo, zina mikia miwili mirefu isiyoyeyuka majini kwa urahisi. Pumzi ikitoka, uso hupungua, nazo husongamana bila kukimbia. Mkazo, ambao kwa maji matupu ya joto la mwili ni takriban milinyutoni 70 kwa mita, hushuka karibu na sifuri. Hapo ndipo uhai wa mtoto ulipo.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kuwa watoto njiti hupungukiwa na molekuli hizi mapafuni. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alichapisha matokeo ya kuwatibu kwa dawa iliyotokana na mapafu ya ng'ombe.